Kati ya Sindano na Spika

Mtu akitaka kujua amplifaya ni kitu gani, na kwa nini watu wazima wenye akili zao hugombana kwa ajili yake, aanze na hesabu hii ndogo. Sindano inayopita katika mfuo wa santuri, ikiwa imefungwa kwenye katriji ya sumaku ya kawaida, hutoa umeme wa milivolti 5 hivi, yaani sehemu tano katika elfu za volti moja. Spika nayo inataka volti kadhaa ndipo ijaze sebule. Kwa hiyo kati ya sindano na spika lazima pawe na chombo cha kuikuza sauti mara elfu moja na zaidi, na kikuze tu, kisitie chumvi wala kisipunguze. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Chombo kikikosea kidogo tu, kosa nalo hukuzwa pamoja na wimbo.

Nililazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu ya urithi. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliacha sanduku lenye santuri mia na themanini na ushei. Nyingi ni zile ndogo za 45 za muziki wa dansi, zilizochapwa Nairobi. Ziko LP chache, na chini kabisa, zimeviringishwa katika khanga, kuna sahani saba za 78 za taarabu ya zamani. Radiogramu yake ilikwisha kuliwa na mchwa. Nilikuwa na fedha za amplifaya moja, kipande cha kiinua mgongo changu, na mke wangu alinieleza kwa upole, lakini kwa namna isiyohitaji kurudiwa, kwamba ya pili haitakuwapo.

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa muziki tangu ujana wetu, alinihimiza ninunue ya vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa, kwa kuwa ati transista hazina roho. Jirani yangu, fundi redio mstaafu, alicheka aliposikia. "Mzee mwenzangu," akaniambia, "mimi nimebadilisha vali miaka kumi na mitano, nazijua. Wewe unataka kusikiliza muziki au unataka kufuga?" Kila mmoja alisema kwa uhakika mkubwa, na kila mmoja nilimheshimu. Nikaona afadhali nirudi nyuma niulize vitu hivi vilitoka wapi na kila kimoja kiliingia kwa haja gani.

Jambo la kwanza nililolikuta ni kwamba amplifaya haikuzaliwa kwa ajili ya muziki hata kidogo. Tangu Thomas Edison alipotengeneza fonografu yake mwaka 1877, na Emile Berliner alipoleta sahani bapa miaka kumi baadaye, sauti ilitoka katika mfuo ikatikisa kiwambo na kupita kwenye honi mpaka masikioni, bila umeme wowote. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza vali yenye vipande viwili ndani ya kioo kilichotolewa hewa. Mwaka 1906 Lee de Forest, Mmarekani, akaongeza kipande cha tatu katikati. Kipande hicho kilikuwa kama mlango mwepesi kwenye mfereji mkubwa: nguvu ndogo inaufungua na kuufunga, na maji mengi yanaitii. De Forest mwenyewe hakuelewa sawasawa kwa nini kilifanya kazi. Waliomwelewesha ni wahandisi wa simu. Kampuni ya AT&T ilinunua haki za chombo hicho mwaka 1913, ikakitengeneza upya, na mwaka 1915 mtu wa New York aliweza kuzungumza na mtu wa San Francisco, umbali wa zaidi ya kilomita 5,000, ambao kabla ya hapo sauti ingekufa njiani.

Kutoka kwenye simu vali zikaingia studio. Mwaka 1925 kampuni za Victor na Columbia zilianza kurekodi kwa umeme, kwa mtambo wa Western Electric. Kabla ya hapo mwimbaji alisimama mbele ya honi na kupiga kelele, na ala zenye sauti nyororo zilipotea kabisa. Baada ya hapo maikrofoni na vali vilimruhusu aimbe kama binadamu. Ndiyo maana nasema Siti binti Saad alifika kwa wakati wake. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi kwa ajili ya lebo ya HMV, alikuta studio ambazo zilikwisha kuachana na honi. Tunapomsikia leo, tunamsikia kwa neema ya mainjinia wa simu ambao pengine hawakupata hata siku moja kulisikia neno Unguja.

Lakini vali za mwanzo zilikuwa na kasoro: zilikuza na huku zikipinda sauti. Dawa ilipatikana baharini, au tuseme mtoni. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, injinia kijana wa maabara za Bell, alikuwa kwenye kivuko akielekea kazini Manhattan. Akiwa juu ya maji ikamjia fikra, naye kwa kukosa karatasi akaichora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo. Fikra yenyewe ni hii: chukua sehemu ya sauti inayotoka, uirudishe mwanzoni ikiwa imegeuzwa kichwa chini, nayo italifuta kosa ambalo mashine imeliongeza. Ni kama mwandishi anayejisomea sentensi yake mwenyewe na kuisahihisha kabla haijakauka wino. Gharama yake ni kwamba unapoteza sehemu kubwa ya ukuzaji wenyewe, na kwa hiyo wengi waliiona kama upuuzi. Ofisi ya hataza ilikaa na maombi yake miaka tisa, ikampa cheti mwaka 1937. Leo karibu kila amplifaya duniani, ya vali au ya transista, inafanya alichokichora Black kwenye gazeti.

Tunda la fikra hiyo kwa watu wa nyumbani lilikuja baada ya vita. Mwaka 1945 Harold Leak wa London alitangaza amplifaya aliyoiita "Point One", kwa kuwa upotofu wake wa sauti ulikuwa sehemu 0.1 tu katika mia. Mwaka 1947 jarida la Wireless World likachapisha mchoro wa kijana mmoja, D. T. N. Williamson, wa amplifaya ya wati 15 ambayo mtu yeyote mwenye mkono wa kuunga nyaya angeweza kujitengenezea. Uingereza wakati ule bado ilikuwa na mgao wa chakula, na bado watu walitafuta transfoma nzito na vali za KT66 wakaiunda mezani jikoni. Mwaka 1953 Peter Walker wa Huntingdon akaleta Quad II, nayo ya wati 15, ikaendelea kuuzwa mpaka karibu mwaka 1970.

Wati 15! Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo, maana vitu vinavyouzwa siku hizi madukani vimeandikwa wati mia, mia mbili, na redio nyingine za kuchezea vijana kwenye kochi zimeandikwa elfu. Je, watu wa mwaka 1953 walikuwa hawapendi muziki wa kusikika?

La hasha. Jibu liko kwenye spika, na hapa ndipo nilipoanza kuona kuwa marafiki zangu wawili walikuwa wanabishana juu ya swali la pili kabla ya la kwanza. Spika za zamani zilikuwa kubwa kama kabati na zilikuwa na bidii. Ile ya honi ya pembe ya chumba, aliyoibuni Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, katika miaka ya 1940, hutoa zaidi ya desibeli 100 kwa wati moja tu, ukipima mita moja mbele yake. Katika kumbi ndogo za sinema vali moja ya 300B, yenye wati 8 hivi, iliwatosha watazamaji wote. Kisha mwaka 1954 Edgar Villchur wa Cambridge, Massachusetts, akatengeneza spika iitwayo AR-1. Aliliziba sanduku, akaitumia hewa iliyofungiwa humo kama springi ya kiwambo, na besi nzito ikatoka katika kisanduku cha kuweka kwenye rafu ya vitabu. Akina mama wa nyumbani walishangilia kuondokewa na kabati sebuleni. Ila spika ya namna hiyo ni mvivu: kwa wati moja hutoa desibeli 85 hivi.

Tofauti ya 15 yaonekana ndogo. Lakini ukitaka kuongeza desibeli tatu, lazima nguvu uifanye maradufu. Desibeli 15 basi ni maradufu mara tano: mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Kinachofanywa na honi kwa wati moja, kisanduku hukifanya kwa wati 32. Zile wati 8 za ukumbi wa sinema zingehitaji wati 256. Hivyo mashindano ya wati hayakuanzishwa na masikio yetu. Yalianzishwa na kisanduku kidogo, na yakakolezwa mwaka 1958 santuri za stirio zilipoingia sokoni na kila nyumba ikahitaji spika mbili na amplifaya mbili. Mwaka uliofuata David Hafler wa kampuni ya Dynaco alileta Stereo 70, wati 35 kila upande, inauzwa vipande vipande mnunuzi aunganishe mwenyewe. Ziliuzwa zaidi ya laki tatu.

Transista ilikwisha kuzaliwa Desemba 1947 katika maabara zile zile za Bell, mikononi mwa Bardeen, Brattain na Shockley, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1956. Haikai na volti mia nne kama vali, haichomi mkono, haihitaji transfoma kubwa ya kutolea sauti, nayo ni rahisi. Kwa nini basi ilipata jina baya? Kwa sababu zile za mwanzo zilistahili. Katika amplifaya nyingi transista mbili hupokezana kazi, mmoja akisukuma na mwingine akivuta, na pale wanapopeana zamu palikuwa na pengo dogo. Muziki ukiwa mkubwa pengo halisikiki. Ukiwa mdogo, mwimbaji anaponong'ona au uzi wa udi unapofifia, pengo lile linakuwa sehemu kubwa ya sauti yenyewe, na sikio linachoka bila kujua limechoshwa na nini. Vipimo vya siku hizo vilichukuliwa mtambo ukiwa umefunguliwa sana, kwa hiyo karatasini transista ilishinda, na sebuleni ikashindwa.

Mafundi walijua, na walirekebisha. Mwaka 1969 John Linsley Hood alichapisha katika Wireless World ile ile mchoro wa transista wa wati 10 ambamo hakuna kupokezana zamu, naye alichukua amplifaya ya Williamson kuwa ndiyo kipimo cha kulinganishia. Mwaka 1970 Matti Otala wa Ufini alieleza namna mrejesho wa Black ukitumiwa kwa pupa unavyoweza kuchelewa kulikamata pigo la ghafla la ngoma. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kasoro ile ya zamani ilikuwa imekwisha katika mashine yoyote iliyotengenezwa kwa uangalifu. Ila sifa mbaya haifi upesi hivyo, na rafiki yangu ni shahidi wa hilo.

Sitakawia sana kwenye vita vya wati vya miaka hiyo. Viwanda vya Japani na Marekani vilipandishiana namba hadi serikali ya Marekani, kupitia Tume ya Biashara, ikatoa kanuni mwaka 1974 ya namna ya kuzipima na kuzitangaza, maana tarakimu zilizoandikwa kwenye maboksi zilikuwa zimeachana na ukweli. Kinachonivutia zaidi ni mwaka 1978, kwa mambo mawili. La kwanza, kampuni ya NAD ilileta amplifaya ndogo, 3020, ya wati 20 tu kila upande, isiyo na sura wala taa za urembo, nayo ikawa miongoni mwa zilizouzwa sana katika historia. La pili, Quad waliwakalisha wasikilizaji wazoefu, wakawapigia bila kuwaonyesha amplifaya zao tatu: ile ya vali ya mwaka 1953 na mbili za transista. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha kuliko mtu anayebahatisha.

Na mwaka 1985 Mmarekani Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba anaweza kuifanya amplifaya yake ya transista ya bei nafuu isikike sawa na ile ya bei kubwa waliyoipenda. Walimpa ya vali. Akajifungia nayo hotelini siku kadhaa, akawa anazilinganisha zote mbili na kurekebisha yake mpaka tofauti iliyobaki ikawa kama si kitu. Wahariri walisikiliza, wakashindwa kuzitenga.

Watu wengi husimulia kisa hicho ili kuwadhihaki wapenda vali. Mimi nakisoma tofauti. Carver hakusema kwamba tofauti haikuwapo. Alikuwa na kazi ya siku kadhaa ya kuiziba. Amplifaya nyingi za vali hazina mkono mzito wa kuishika spika. Spika nayo ukaidi wake hubadilika kutoka noti hadi noti, basi pale inapokaidi vali hupanda nayo na pale inapolegea vali hushuka. Anachokisikia rafiki yangu na kukiita roho kipo kweli, lakini ni mazungumzo ya amplifaya ile na spika ile. Ukibadilisha spika, roho nayo inahama.

Kwa hiyo niliweka swali la vali pembeni nikaanza na spika. Za kwangu ni za desibeli 90, na sebule yangu ni ndogo. Wati 20 zinatosha na kubaki. Baada ya hapo hoja za fundi zikawa nzito: umeme wetu unapanda na kushuka, vali zinazotengenezwa leo zinatoka Urusi, Slovakia au China, na mtu wa kuzipima hapa mtaani ni yeye peke yake, naye ana miaka sabini na nne.

Lakini wote wawili walikuwa wamelisahau jambo moja, nalo ndilo lililokuwa na thamani kubwa kwangu. Ile milivolti 5 haitoki kwenye santuri ikiwa kama muziki ulivyokuwa. Wakati wa kuchonga mfuo, besi hupunguzwa ili mifuo isigongane, na sauti nyembamba huinuliwa ili ipite juu ya mkwaruzo. Amplifaya lazima igeuze yote hayo, na mpaka ufike kwenye ncha za masafa marekebisho ni karibu mara kumi. Tangu mwaka 1954 kuna kanuni moja ya kufanya hivyo, iitwayo RIAA. Amplifaya nyingi zilizotengenezwa baada ya sidii kuingia mwaka 1982 hazina kabisa tundu la kazi hiyo. Mnunuzi asiyetazama nyuma ya mashine ataambulia sauti kama ya nzi ndani ya chupa.

Na kabla ya mwaka 1954? Kila kampuni ilikuwa na desturi yake. Sahani saba za mjomba ni za enzi hiyo. Santuri za 78 za HMV hazikuinuliwa sauti nyembamba kama zilivyo LP. Ukizipiga kwa kanuni ya RIAA, mashine itazikata kile ambacho hazikuongezewa, na kuzijaza besi zisizoidai. Mwimbaji anasikika kama aliyefunikwa blanketi. Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba ndivyo walivyoimba wazee, kwamba zama zile sauti zilikuwa hafifu na zenye vumbi. Kumbe amplifaya za miaka ya 1950 zilikuwa na vitufe vya kuchagua kanuni ya kila lebo, na vitufe hivyo viliondolewa taratibu mara kila mtu alipoanza kununua LP mpya.

Nilinunua amplifaya ya transista ya mitumba, ya wati 20, yenye tundu la santuri. Fedha iliyobaki, ambayo ingemezwa na vali, ilinunua kisanduku kidogo cha kukuzia sauti ya sindano chenye swichi za kanuni za zamani, pamoja na sindano ya pili, kwa maana mfuo wa 78 ni mpana karibu mara tatu ya ule wa LP na sindano ya kawaida huzama ndani yake na kukokota uchafu. Fundi aliunga nyaya, akakagua waya wa ardhini mara mbili.

Dansi la Nairobi lilipiga vizuri, na hilo halikunishangaza. Siku ya tatu tuliifungua khanga. Katika sahani ya kwanza, swichi ikiwa kwenye RIAA, tulisikia kile nilichokikumbuka utotoni: mama mmoja aimbaye mbali, nyuma ya mlango. Fundi akageuza swichi. Herufi za mwisho za maneno zilirudi, pumzi kabla ya kila ubeti ikasikika, na violini ikatengana na udi. Mke wangu alitoka jikoni akauliza ni nani huyo anayeimba.

Sahani mbili kati ya saba zina ufa, na hizo sijazipiga. Zile tano napiga kila moja mara moja tu, huku kompyuta ya mwanangu ikirekodi, kwa kuwa kila sindano inapopita inachukua kitu. Tumekwisha kufanya tatu.